Mlango wa Kushoto

Fundi jirani yetu hupaka rangi samani kuukuu zipendeze, kisha huzikwangua zionekane kuukuu tena, wala haoni kichekesho. Kabla ya kushika msasa hufumba macho, akafungua na kufunga kabati mara tatu nne, akitafuta mahali mikono ya watu ilipozoea kugusa. Hapo tu ndipo anaposugua. Kwingine hata umpigie magoti hagusi.

Juzi dada mmoja alikuja kuchukua kabati la vyombo la marehemu mama yake, lenye milango miwili. Akalizunguka, akanuna. “Fundi, mbona umechubua mlango wa kushoto tu?”

“Nimefuata palipolika, dada. Mama alikuwa anatumia mkono wa kushoto.”

“Mama yangu? Aliyenifunga mkono huu kwa kitambaa nilipokuwa mdogo, ili nizoee wa kulia?”

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa akifuta brashi yake taratibu, kama anayemfuta mtoto pua. “Jikoni alikuwa peke yake,” alisema.

Dada akaweka mkoba chini, akapeleka mkono wa kushoto pale palipochubuka. Vidole vikatua, kila kimoja mahali pake.