Vibanda vitano kando ya chemchemi

Wino wa baba ulinuka kama msumari wenye kutu uliolowa maji. Kiangazi kile, nilipokuwa na miaka tisa, harufu hiyo ilijaa sebule yetu mtaani Bel-Air, kwa sababu ofisini kwao umeme ulikuwa umekatika, na baba, mchoraji wa ramani, akahamishia kazi kwenye meza yetu ya kulia. Alikuwa akinakili upya ramani kuukuu ya nyanda za mifugo huko kaskazini, nchi kame isiyo na barabara, majani ya manjano na ng'ombe basi. Sisi tulikula sakafuni, mama akinung'unika, vumbi jekundu likiingia kila mlango ulipofunguliwa. Juu ya karatasi ya kunakilia palikuwa na mistari ya vilima, chemchemi moja, na kando yake vibanda vitano vidogo kama punje za mtama. Hapo ndipo alipozaliwa mama. Baba alinionyesha kwa fahari.

Kosa la wino hukwanguliwa kwa wembe, taratibu, na baba alinifundisha kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi. Mchana mmoja alipojinyoosha kidogo, nilishika kalamu yake niliyokatazwa. Tone likaanguka juu ya vile vibanda. Nilikwangua mpaka pakawa peupe, chemchemi ikabaki peke yake. Kuvichora tena sikuthubutu.

“Ulifuta nini?” baba aliuliza alipoamka.

“Hapana kitu, papa. Wino tu.”

“Iko muzuri,” alisema, bila kuvaa miwani. Kesho yake akaipeleka ofisini.

Baba amekwisha kufa, na mama pia. Mwezi uliopita alikuja mjomba, mdogo wa mama, na nakala ya ramani ile ndani ya mfuko wa plastiki. Tajiri mmoja anataka kuizungushia chemchemi waya kwa ajili ya ng'ombe wake na kuwahamisha ndugu zetu wote wanaoishi hapo. Anasema zamani hapo hapakuwahi kuishi mtu.

“Mu karte hamuna hata nyumba moja,” mjomba alisema, akiigonga ramani kwa kidole. “Weye ulikuwa unaona kazi ya papa yako. Utatusemea ku tribunal, mbele ya hakimu? Ao alitusahau?”

Nilimmiminia chai, nikatia sukari.

“Pengine alisahau, tonton.”

Siku ile ya wembe moyo ulinidunda hadi nikaogopa utasikika chumba cha pili. Sasa nina miaka hamsini. Nilisubiri udunde vile tena, na haukudunda.