Kitambaa Chekundu cha Namba Kumi na Nne

Itangazwe kutoka Sigor hadi Soin, isomwe kwa sauti sokoni Siongiroi na ibandikwe kwenye kila mlango wa choo cha laini za wafanyakazi: Yunia Gesare, aliyechuna majani ya chai kwa miaka kumi na tisa, mama wa mtoto mmoja, Onchiri, mwenye magoti mawili yanayojua mvua kabla ya redio, ameingia katika orodha ya wanariadha wa kimataifa. Anayepinga aandike barua. Anayecheka acheke akiwa amesimama, kwa heshima.

Chanzo cha yote ni bwawa. Lilichimbwa zamani ili kiwanda cha chai kipate maji, na miaka yote hiyo wafanyakazi waliliita bwawa, nao vyura wakaliita nyumbani. Halafu akaja mtu wa matangazo kutoka Nairobi. Akalipiga picha asubuhi, ukungu ukiwa juu yake na vilima vya chai kwa nyuma, na bwawa likarudi kutoka kwenye kompyuta likiitwa Ziwa la Mlimani. Ziwa lenye jina kubwa hivyo haliwezi kukaa bure. Likatafutiwa mbio: siku tatu, awamu tatu, kilomita hamsini na nane kupitia mashamba ya chai na ukingo wa msitu, na mwisho juu ya ukuta wa ziwa lenyewe. Kila siku ilikuwa na saa yake ya kufunga mstari. Ukifika saa imepita, unabanduliwa namba kifuani, asante, kwaheri, chukua ndizi.

Wageni walikuja na viatu vyenye rangi za peremende. Vijana wa Siongiroi na Sigor walikuja na walichoamka nacho mwilini, wakakimbia kama watu waliotumwa chumvi na sufuria iko motoni. Kila siku walikuwa wamemaliza, wameoga na wanaulizana habari za ng'ombe kabla wageni hawajafika nusu ya njia.

Yunia hakuwa akishindana na hao. Mwezi uleule ziwa lilipozaliwa, ziliwasili mashine za kuchuna majani. Mashine moja, wanaume wawili wa kuishika, wanawake thelathini wa kuitazama. Wachunaji wakaambiwa kwamba mikataba inaisha Desemba, na mkataba ukiisha, nyumba ya laini inarudi kwa kampuni. Kwao Yunia, upande wa Nyamira, shamba la marehemu babake lilikuwa limegawanywa mpaka ndugu akijigeuza kitandani anaamkia kwa jirani. Hapakuwa na pa kurudi.

Ndipo Eliakim, afisa wa wafanyakazi, mtu anayefunga tai hata siku ambayo mijusi inatafuta kivuli, aliposimama kwenye kituo cha kupimia majani akasoma karatasi. Kampuni ilitaka picha za wafanyakazi wake wakikimbia. Kwa hiyo, mfanyakazi atakayetangulia kuvuka mstari siku ya tatu, bila kufungiwa nje siku yoyote, angepewa nafasi ya kudumu katika kitalu cha miche, kazi ambayo mashine bado haijaiweza. Nafasi moja. Na nyumba juu yake.

"Na wa pili?" aliuliza Jerusa. Huyu ni jirani wa Yunia kwenye mstari wa kuchuna, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa la kweli, lile lenye samaki, na mdomo wake haujawahi kuchukua likizo.

"Wa pili atapata cheti."

"Cheti kina vyumba vingapi?"

Walijiandikisha kumi na mmoja. Siku ya kwanza ilipoisha walikuwa saba. Siku ya pili mvua ya mawe iliwakuta kwenye mteremko wa msituni, ikawachapa kama watoro, na walipohesabiwa jioni walikuwa wanne: Yunia, Jerusa, Mosoti wa karakana, na Alfayo Orina wa kikosi cha kupiga dawa shambani. Alfayo alikuwa na miaka ishirini na sita. Siku zote mbili alimtangulia Yunia kwa zaidi ya nusu saa, na siku zote mbili alimaliza akikohoa tu kidogo na kuuliza chakula kiko wapi.

Siku ya tatu walianza saa moja asubuhi. Mstari ungefungwa saa nne kamili. Yunia alikimbia kwa mwendo uleule aliokuwa nao masika na kiangazi akipeleka majani kwenye mizani, mwendo usiomvutia mpiga picha yeyote, na Jerusa alikuwa nyuma yake akilalamika kwa zamu: goti, sidiria, serikali. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai. Utepe mweupe wa kampuni, uliofungwa kwenye vijiti, ndio uliowaonyesha njia, kama siku mbili zilizopita.

Ilipofika saa tatu na dakika thelathini na tano walipanda kilima cha mwisho. Bwawa lilikuwa pale chini, kilomita moja hivi, na kipaza sauti cha Eliakim kilisikika kikipanda bondeni. Yunia alitazamia kuona mgongo wa Alfayo ukiwa mbali juu ya ukuta. Alimkuta amesimama mbele yake, na Mosoti kando yake, mikono kiunoni, kama watu waliofika msibani mapema.

"Mmesimamia nini?" Yunia aliuliza.

Alfayo aliashiria kwa kidevu. Utepe mweupe ulikuwa umeishia pale, mwanzoni mwa Namba Kumi na Nne, ile sehemu ya chai inayoteremka hadi bwawani. Kwenye mdomo wa njia, juu ya fito, palikuwa na kitambaa chekundu.

Mtu wa nje angeona kitambaa tu. Katika shamba lile, kitambaa chekundu mwanzoni mwa mistari kina maana moja: hapa pamepigwa dawa, usitie mguu mpaka kitolewe, na anayekitoa ni nyapara peke yake. Mwaka mmoja mchunaji mwenzao, Bochaberi, aliingia hatua kumi tu kufuata lesso yake iliyopeperushwa. Mikono ikamtoka malengelenge hadi viwikoni, na aliporudi kutoka hospitali akakabidhiwa barua ya onyo. Malengelenge yalipona. Barua iko kwenye faili mpaka leo.

"Labda wamekosea," Jerusa alisema.

"Hicho ni chetu," Alfayo alijibu. "Hata hilo fundo ni langu. Na nyinyi hamjui kilicho ndani ya ile pipa ya dawa. Mimi najua."

"Mmepiga lini?" Yunia aliuliza.

"Nitajuaje, Mathe?" Alfayo alijibu, akimwita mama kivijana. "Si niko hapa na nyinyi siku tatu nakimbia kama mwizi? Labda wenzangu wamepiga jana."

Kwenye ukungu nyuma yao wakatokea wageni wawili na dada mmoja wa Nairobi mwenye miwani ya jua, ingawa jua lenyewe halikuwa limeripoti kazini. Wakawapita, wakakipita kitambaa, wakaingia.

"Twendeni, twendeni! Imebaki kidogo!" dada yule aliwaita bila kugeuka.

"Huyo hana faili ofisini," Jerusa alisema.

Walibaki wamepanga mstari ukingoni, watu wazima wanne waliovuka msitu na mvua ya mawe, wamezuiwa na kipande cha nguo. Kule chini Eliakim akatangaza kwamba zimebaki dakika kumi na nane.

"Mimi nazunguka na barabara," Mosoti alisema.

"Barabara ni kilomita nne. Hutafika."

"Nitafika na ngozi yangu." Akaondoka, na baada ya hatua chache akaacha hata kujifanya anakimbia.

Yunia hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama chai. Si ile njia waliyopita wageni. Alitazama mistari ya kando yake, mmoja, wa pili, wa tatu, hadi pale ukungu ulipomruhusu. Kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa kitu cha kwanza kumgusa uso kazini kilikuwa utando wa buibui, uliotandwa kutoka kichaka hadi kichaka na kujaa umande. Mtu wa dawa hupita kila mstari, pampu mgongoni, na akipita utando wote unakwenda naye. Mistari hii ilikuwa na utando wake wote. Ulining'inia mweupe, mzima, mstari baada ya mstari. Buibui wa Namba Kumi na Nne hawakuwa wamesumbuliwa na mtu.

Ama ulikuwa umetandwa upya usiku. Hilo pia lawezekana. Buibui si watu wa kupumzika.

Mtu mwingine hapo angewafikiria wenzake kwanza. Yunia alifikiria nyumba. Akisema alichokiona, Alfayo angekuwa juu ya ukuta kabla sentensi haijaisha. Akabana mdomo, akakipita kitambaa.

"Mama Onchiri!" Jerusa alipiga ukelele. "Rudi! Utaoza mikono! Mama Onchiri!"

Yunia aliinua mikono juu ya vichaka, kama mwanamke anayevuka mto na mzigo kichwani, akakimbia. Pua yake ilikuwa imeshika harufu ya kitambaa, ile harufu chungu ya stoo ya dawa, na sasa hakujua kama harufu imebaki nyuma ama iko mbele. Akaamua kukimbia bila kupumua. Uamuzi huo ulidumu hatua ishirini. Akavuta pumzi kubwa iliyojaa chochote kilichokuwepo, koo likamwaka. Ni dawa? Ni mbio? Macho yalimwasha. Ni jasho? Alijitazama viganja akikimbia: vyeusi vya utomvu wa chai, kama kawaida, havijatoka kitu. Bado.

Juu kule Alfayo alikuwa akimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyetangulia kuonja uyoga. Yunia alikwenda mita mia, mia mbili. Hakuanguka. Ndipo akasikia viatu nyuma yake, na nyuma ya viatu Jerusa akiita jina la Mungu kwa lugha mbili.

"Dakika tisa!" kikasema kipaza sauti.

Njia ya kati ya mistari ya chai imetengenezwa kwa mtu mmoja mwembamba. Vichaka vya pande zote mbili vimefungamana hadi kiunoni, na Yunia hakuwa mwembamba. Alfayo alimfikia kwenye mteremko, akawa anampumulia shingoni.

"Mathe, nipishe."

"Pita juu."

Kukanyaga chai wote walijua ni kufutwa kazi siku hiyohiyo, bila barua. Alfayo alijaribu kushoto, kiwiko kikamkuta. Akajaribu kulia, akakuta cha pili.

"Mathe, tafadhali. Mimi niko na mtoto mchanga."

"Hongera."

"Wewe unatafuta nyumba tu! Mimi natafuta kutoka kwa dawa!" Sauti yake ilipasuka. "Nakohoa mpaka mtoto anaamka. Mke wangu amehama kitanda. Nikikaa na ile pipa mwaka mwingine mmoja, hata hiyo nyumba mtanitoa nikiwa nimebebwa. Nipishe, Mathe."

Yunia alimsikia. Alisikia kila neno, na kikohozi kilichofuata, kile cha chini, cha mtu mzee, ambacho kwa siku mbili alidhani ni mafua. Miguu yake ilipunguza mwendo kidogo sana, kiasi ambacho hakuna saa ya mgeni ingekipima. Alfayo akaiona nafasi, akaingiza bega. Kwa hatua tatu walikwenda bega kwa bega, chai ikiwachapa mapaja, na angeweza kabisa kumwachia.

Akairudisha nyonga yake katikati ya njia.

"Mathe!"

Mistari iliishia hatua thelathini kutoka utepe wa mwisho, pale ukuta unapoanza. Hapo njia ikafunguka na Alfayo akatoka nyuma yake kama maji ya bomba lililozibuka. Yunia aliona raba yake kwanza, kisha goti, kisha kifua kilichobandikwa namba. Akainamisha kichwa, akatupa kila kilichobaki, magoti na vyote, na utepe ukamshika yeye shingoni. Alfayo alikuwa nyuma yake kwa urefu wa mkono. Hakusimama, alipitiliza moja kwa moja hadi kwenye majani ya ukingoni, akapiga magoti, akakohoa kuelekea majini.

Saa tatu na dakika hamsini na sita. Jerusa aliingia wa tatu, akajitupa chini.

"Nyinyi mlikuwa mmekwama wapi?" aliuliza nyapara Makori, akitafuna mkate. "Wageni wamepita zamani."

"Kitambaa," Yunia alisema.

"Ah, hicho? Utepe uliisha asubuhi. Nikawapa watu wa mbio vitambaa vya stoo waonyeshee njia. Vilikuwa vimekaa tu."

Alfayo alimtazama Makori. Kisha akamtazama Yunia, kwa muda mrefu, na Yunia akaangalia viganja vyake tena, ingawa sasa alijua havina kitu.

Alisukumwa jukwaani. Mpiga picha akamwomba atabasamu, akamwomba tena, akakata tamaa. Vijana wa Siongiroi, waliokuwa kwenye sahani ya tatu, wakampigia makofi kwa mkono mmoja. Eliakim, aliyekwisha kusikia habari za kitambaa, alinyoosha tai yake, akakohoa, na kukohoa kwake kukapita kwenye kipaza sauti hadi ng'ambo ya bwawa.

"Mabibi na mabwana! Leo Ziwa la Mlimani limemzaa simba jike! Mwanamke huyu amekutana na hofu uso kwa uso, na hofu ikampisha njia! Watoto wetu watasimuliwa! Mama Yunia, hebu iambie dunia, kwa maneno yako mwenyewe: ulipokipita kile kitambaa chekundu, moyo wako ulikuwa unakuambia nini?"

Akamwekea kipaza sauti mdomoni. Kikohozi kimoja kikasikika kule ukingoni.

"Hii kazi ya kitalu," Yunia alisema, "naanza kesho ama Jumatatu?"