Siku Baba Alipolinda Lango la Bembea

Juzi niliingia kwenye duka la pembejeo kununua mbegu za maharage, nikamkuta mwenye duka anampimia mteja dawa ya kuogeshea ng'ombe. Harufu ilinifikia kabla sijafika kaunta. Ni harufu kali inayokaa kooni, yenye kitu kama mafuta ya taa na kitu kama majani yaliyolowekwa siku nyingi. Wateja wengine walifunika pua kwa khanga. Mimi nilisimama nikavuta pumzi taratibu, kama mtu anayenusa mandazi jikoni, kwa sababu baba yangu alinukia hivyo. Aliweza kuoga, akajipaka mafuta, akavaa shati la kanisani, na bado ukimkaribia ulijua kwamba huyu ni mtu wa josho.

Kama hukukulia kwenye mifugo, ngoja nikueleze josho ni nini, maana bila hilo kisa changu hakitaeleweka. Josho ni handaki refu la saruji lenye maji ya dawa ya kuua kupe. Ng'ombe wanaingia upande mmoja kupitia njia nyembamba ya miti, mmoja nyuma ya mwingine, wanatumbukia, wanaogelea, wanatokea upande wa pili wakiwa wamelowa na kukasirika. Hawarudi walikotoka. Kazi ya baba ilikuwa kusimama kwenye ile njia nyembamba na kuamua waingie wangapi. Wakizidi wanapandana, na anayeanguka chini hainuki. Wafugaji waliopanda kutoka tambarare za Hanang, wenye makundi makubwa na haraka kubwa, walimlalamikia kila wiki. Baba hakugombana nao. Alilaza mti wake njiani, akasimama mbele yake, akangoja.

Nilikuwa na miaka tisa wakati bwana mmoja kutoka mjini alipoleta Dongobesh lori lililobeba bembea ya kuzunguka. Ilikuwa wiki ya Krismasi. Bembea ilikuwa na farasi wa mbao wa rangi zote, twiga mmoja aliyebanduka rangi shingoni, na kiti kirefu cha watoto wanaoogopa. Karibu nayo aliweka mtelezo wa bati na bembea ndogo za kamba, kisha akazungushia kiwanja uzio wa mabanzi na maturubai. Sisi tulikaa kilimani, mwendo wa saa moja kwa miguu. Upepo ukigeuka tulisikia jenereta yake ikiunguruma mbali, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu, na muziki ukija vipande vipande juu ya mahindi. Nililala nikiusikia. Niliamka nikiusikia, hata wakati haupo.

Siku ya Krismasi yenyewe mambo yaliharibika. Watu walitoka kanisani wote kwa pamoja, wakasukumana langoni, uzio ukaanguka, mtoto mmoja akavunjika mkono. Jioni mwenye bembea akauliza pale sokoni ni nani anayeweza kuzuia umati bila fimbo. Wakamwelekeza nyumbani kwetu. Baba alimsikiliza, akanywa chai yake yote, akakubali kwa siku moja tu, kesho yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Binamu yangu Paskalina alikuwa amekuja kutoka kijiji cha Daudi kula sikukuu kwetu, na keshokutwa yake asubuhi alikuwa anarudi. Lori la bembea nalo lilikuwa linaondoka asubuhi hiyohiyo. Paskalina alinizidi mwaka mmoja, na kwao ni karibu na Mbulu mjini, kwa hiyo alikuwa ameshaona kila kitu, au alisema ameshakiona. Wiki nzima nilikuwa sina la kumwonyesha isipokuwa ndama. Sasa nikapata. Nikamwambia lango ni la baba yangu, kwa hiyo sisi hatutapanga mstari, tutapita tu na kupanda mpaka tuchoke. Nilimwahidi hata yule twiga.

Tuliondoka asubuhi na ukungu. Nyasi zilitulowesha mpaka magotini, na bonde lote lilikuwa jeupe, ukaona vilele vya mikaratusi tu vikielea juu kama vimekatwa mashina. Paskalina alivaa gauni la njano. Nilitembea nikijiona nimeshapanda twiga, dunia ikizunguka taratibu, watu wote chini wakiniangalia.

Tulipofika, ukungu umeshaondoka na watu wameshajaa. Sijawahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja: akina mama wa vijijini kwetu na khanga mpya, wafugaji wa kijiji cha Gehandu na shuka zao, na watoto wasiohesabika. Mstari ulianza langoni, ukazunguka soko, ukaishia kando ya mashine ya kusaga. Baba alisimama mbele ya lango, na mbele yake, usawa wa kiuno, mti umelazwa kutoka nguzo hadi nguzo.

Nilimshika Paskalina mkono, tukapita pembeni mwa mstari mzima hadi mbele. Nikasema, "Shikamoo baba," kwa sauti ambayo watu wangeisikia.

"Marahaba," akajibu. Hakutabasamu. Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye mashine ya kusaga. "Mstari unaishia kule, mama."

Kila mara aliniita mama. Siku hiyo neno hilo lilinichoma. Nilisimama nikidhani ananitania, lakini macho yake yalikuwa yameshanipita, yanamwangalia mtu aliyefuata. Mwanamke mmoja mnene aliyebeba mtoto akasema, wala si kwa ubaya, "Rudi nyuma, binti. Baba yako si tiketi." Mstari wote ukacheka. Tukarudi nyuma, tukipita mbele ya macho yale yale yaliyotuona tukija. Tulipofika mwisho kabisa Paskalina akaniuliza kwa upole kama nina uhakika yule ni baba yangu wa kunizaa.

Sasa nikueleze namna baba alivyopima umati, kwa sababu nimekutana na wasomi wengi ambao wasingeweza kubuni njia kama ile. Yeye alilelewa kwamba kiumbe hai hakihesabiwi kwa kunyooshewa kidole, awe mtu au ng'ombe. Kwa hiyo alifunga waya mrefu kando ya lango. Kila mtoto aliyeingia aliacha kandambili moja, baba akaitundika kwenye waya. Asiye na kandambili aliacha alichonacho: kofia, kitambaa, mkanda. Vijana wa Gehandu waliacha fimbo zao. Waya ukijaa, kiwanja kimejaa, anafunga. Akitoka mtu na kuchukua chake, nafasi imepatikana, anaingiza mmoja. Ilikuwa njia safi kabisa, na hakuna aliyeanguka wala kusukumwa.

Lakini mstari haukusogea. Jua lilipanda juu ya vichwa vyetu. Mbele yetu alisimama bibi mmoja wa Gehandu, mwenye bangili za shaba mkononi hadi karibu na kiwiko, amekuja na mjukuu wake. Alitugawia muwa, akamwuliza Paskalina kwao ni wapi. Muziki ulikuwa ukilia palepale nyuma ya maturubai, na mara mojamoja kichwa cha farasi mwekundu kilipita juu ya uzio, kikapotea, kikarudi. Niliangalia kichwa kile mpaka nikaanza kuota nimesimama. Kikipita mara ishirini, nilijiambia, tutakuwa tumesogea. Kilipita zaidi ya hapo. Baba hakuinua mti.

Mchana nikabanwa na haja ndogo, nikamwachia Paskalina nafasi yangu nikazunguka nyuma ya kiwanja. Huko ndiko nilikoona jambo ambalo hakuna aliyekuwa mbele aliyeliona. Upande wa nyuma kulikuwa na mlango mwingine, wa kutokea. Chini ya mikaratusi walikaa watoto wengi kwenye nyasi, wametulia, wanakula karanga na miwa, na kila mmoja alikuwa amevaa kandambili moja. Nilimwuliza mmoja anangoja nini. Akasema anangoja watu wapungue mbele ili akachukue kiatu chake.

Nilichungulia kwenye pengo la uzio. Bembea ilikuwa inazunguka, mwenyewe amelala usingizi kando ya jenereta. Farasi kumi na kitu walipanda na kushuka bila mtu, na twiga alipita akiwa peke yake, shingo juu, kama anamtafuta aliyeahidiwa kumpanda.

Unaona kilichotokea. Baba alikuwa amepanga kiwanja kama josho. Huku unaingia, kule unatokea, hurudi ulikotoka. Tatizo ni kwamba ng'ombe haachi kiatu mlangoni. Waya ulikuwa umejaa, ndani pamebaki patupu, na yeye amesimama anazuia watu wasiingie pasipo na mtu.

Nilirudi mbio, nikamwambia Paskalina. Macho yake yakang'aa. Akasema nipige kelele sasa hivi, watu wote wasikie, na baba aliyetuaibisha naye aone inavyokuwa. Sitakudanganya kwamba sikutamani. Nilikuwa na maneno mdomoni tayari, na niliona watu wamechoka na wana hasira. Wangemcheka vibaya, na wengine wangefanya zaidi ya kucheka. Nilimwangalia baba. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani. Tangu asubuhi hakuwa ameketi.

Nikatoka kwenye mstari. Yule mama mnene akaniona akaguna kwamba mtoto huyu hasikii. Nilifika kwa baba, nikamvuta mkono ainame, nikamnong'oneza sikioni.

Kisha akajinyoosha na kuwageukia watu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Jamani, nimekosea. Nimewapanga kama nipo joshoni. Ndani kuna nafasi, nisameheni."

Yule bibi wa Gehandu, aliyekuwa amenifuata mpaka mbele kuona kuna nini, akainua mkono wenye bangili. "Basi tuogeshe kabisa, baba," akasema, "hata mimi nina kupe." Mstari mzima ukaangua kicheko, wa mbele wakiwaeleza wa nyuma, kicheko kikatembea mpaka kwenye mashine ya kusaga na kurudi. Hasira ikaisha hapo.

Baba akaufungua waya, akaniwekea kandambili zote mikononi na shingoni, akaniagiza nizipeleke mlango wa nyuma kwa wenyewe. Nilikwenda na kurudi, nikikabidhi viatu na fimbo. Kila niliporudi alikuwa ameingiza kundi jipya. Katika safari ya tatu nikaliona gauni la njano ndani: Paskalina amepanda twiga, anacheka, nywele zimejaa vumbi. Nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja.

Nilipomaliza kabisa nikaenda langoni. Nilijua sasa ataniingiza. Nimemwokoa, nimemfanyia kazi, na nafasi yangu kwenye mstari ilikuwa imepita nikiwa nambebea viatu. Baba aliniangalia, safari hii kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha kidevu, kulekule.

Nililia nikiwa nimesimama kando ya mashine ya kusaga, na vumbi la unga likanikaa usoni. Jua lilianza kulegea nilipofika mbele. Baba akapokea kandambili yangu, akaitundika kama ya mtu yeyote, akainua mti. Nilipanda twiga mara tatu. Nakumbuka mwanga wa njano ukipita kati ya mikaratusi, mlima Hanang ukitokea mbali sana na kufichwa na turubai, ukitokea na kufichwa, na kila mzunguko mgongo wa baba langoni. Alikuwa amewaelekea watu. Hakugeuka hata mara moja.

Kwa siku nyingi baada ya hapo nilimpa shikamoo tu, basi. Niliamua moyoni kwamba watu wengine ni wa muhimu kwake kuliko mimi, na wazo hilo nililibeba kimyakimya kwa miaka, hata nilipokuwa mtu mzima na kumpenda.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu kwenye bustani moja kubwa ya michezo huko Dar es Salaam. Tulipofika langoni tukaambiwa pamejaa, tungoje watoke wengine. Wanangu wakanuna. Niliwaeleza kwamba mahali palipojaa hapaingiliki kwa kubishana na mlinzi. Njooni mapema, au kaeni mwangalie wanaotoka, na muwe na kitu cha kutafuna. Mlinzi alikuwa kijana. Mtu mmoja alikuja na gari akamshika bega, akamnong'oneza, na familia yake ikapita. Dakika chache baadaye mstari wetu ulivunjika. Kila mtu alikuwa na sababu yake, wote wakasukuma, na nikamnyanyua mwanangu mdogo juu ya kichwa changu huku nimebanwa kifua. Tulitoka salama. Lakini pale, nikiwa nimemshika juu, nilielewa kitu kimoja: kama siku ile baba angeniingiza mimi, asingeweza kumzuia aliyefuata.

Nilipokuja nyumbani likizo nilimweleza mama. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, na mama hakuacha kupukuchua. Akaniambia kwamba jioni ile ya bembea baba hakugusa chakula. Alimsimulia saa niliyofika, mahali niliposimama, wakati nilipokula muwa, na kwamba nililia nikajipangusa unga kwa mkono wa kushoto. Mama akamwuliza kwa nini basi hakumwingiza mtoto. Baba akajibu kwamba asingeweza, ila siku nzima alitamani lango lile lingelindwa na mtu mwingine, naye akasimame na mimi kwenye mstari.

Miaka yote ile nilidhani ni mimi peke yangu niliyezuiwa pale langoni.