Ua wa Miyenzi Uliosogea

Wanafunzi walipokwisha kuufagia ukumbi wa parokia na kwenda zao, Révérien alibaki peke yake na avenyu yake nzima juu ya meza.

Ilikuwa avenyu iliyoshuka kutoka barabara kuu hadi ufukoni, nyumba kwa nyumba, kama ilivyokuwa kabla ya ziwa kupanda na kuimeza. Wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, wengi wao waliokulia pale pale, walikuwa wameijenga upya kwa udongo wa mfinyanzi. Mabati ya nyumba yalikatwa kwenye makopo ya maziwa. Miti ilikuwa vipande vya godoro kuukuu vilivyochovywa katika rangi ya kijani. Kila mmoja alitengeneza upande wa kwao juu ya ubao wake, kisha mbao zikasogezwa zikaungana, na kesho yake wazazi na mtaa mzima wangekuja kutazama.

Révérien hakuwaambia wapime. Aliwaambia wakumbuke. "Funga macho," aliwaambia darasani. "Toka mlangoni kwenu, nenda chooni, nenda kwa jirani. Kile ambacho mguu wako unakikumbuka, mkono wako ukifanye." Siku ile aliyapenda sana maneno yake. Sasa yalikuwa yanamkaa kooni kama mwiba wa samaki kuhe.

Kwani ziwa lilikuwa limeanza kurudi nyuma. Kuta zilizokuwa chini ya maji zilikuwa zikichomoza, nyeusi, zimevaa ukoko wa matope, na watu waliokuwa wamepanga vyumba juu mlimani walikuwa wameanza kushuka kwenda kuchomeka vijiti vya mipaka. Hati za viwanja, kwa wengi, zilikwenda na maji. Shefu wa mtaa mwenyewe alikuwa amesema, akicheka, kwamba atakuja kutazama kazi ya watoto ili ajikumbushe. Révérien hakucheka. Alijua kwamba watu wakishaona kitu kwa macho, tena mbele za watu, hicho ndicho watakachokumbuka.

Akainama juu ya ubao wa kwao. Hakuutengeneza yeye, hakuwa na mtoto darasani. Aliutengeneza Jolie, binti wa jirani yake Apolline, kwa kuwa viwanja viwili vile viligusana na binti yule ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Nyumba ilikuwa nyumba yake kweli: hata dirisha lililopinda lilipinda. Lakini ua haukuwa mahali pake.

Ule ua aliupanda yeye. Révérien alizaliwa Nyakabere, katika mashamba ya mpunga, na alipopata kiwanja mjini alipanda ua kama watu wa bonde wanavyopanda: matawi ya miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, unakata, unachomeka, imeshika. Aliipanda kwa kamba, ikanyooka kama mstari wa daftari. Ndani ya ua, kwenye kona ya chini, palikuwa na mpera wake. Chini ya mpera ule ndipo alipokuwa akiegemeza mabango aliyowaandikia vinyozi na makanisa, enzi ambazo mshahara wa ualimu ulikuwa habari ya kusimuliwa.

Sasa ua wa Jolie, vijiti vya ufagio vilivyopakwa kijani, ulishuka vizuri hadi karibu na kona, halafu ukajipinda. Ukauzunguka mpera kwa juu na kuuacha upande wa akina Apolline. Na chini ya mpera, katika kivuli cha kile kipande cha godoro, palikuwa na jiwe dogo jeupe.

Révérien alilitazama jiwe lile kwa muda mrefu. Watu wa kadastre, wapimaji wa viwanja, huweka mawe namna ile kwenye mipaka.

Mtu akishaanza kushuku, kila kitu kinakuja kutoa ushahidi. Alikumbuka kwamba juzi Apolline, akiwa na beseni lake la samaki wa ndagala kichwani, alimsimamisha njiani na kumwambia, kwa utamu usiokuwa wake, "Prof, ile kazi yenu itatusaidia sisi wote." Sisi akina nani? Alikumbuka kwamba Jolie aliomba mwenyewe kuzitengeneza parseli zote mbili, kiwanja chao na chake. Alikumbuka maneno aliyokuwa akiyasikia tangu siku ya kwanza alipohamia mwambao, yakisemwa kwa mzaha na watu waliomzoea: mutu wa plaine, mutu wa kuja, yaani mgeni wa bondeni. Na kweli alikuwa hayuko nyumbani miaka ile ya mwisho kabla ya maji. Alikuwa akifundisha Kamanyola, akirudi pale barabara inaporuhusu. Aliporudi moja kwa moja, maji yalikuwa yamefika magotini na kila mtu alikuwa amebeba kitanda kichwani. Nani angetazama ua siku ile?

Kumbe walikuwa wakijipanga, aliwaza. Wamemtumia mtoto.

Akatoa wembe mfukoni. Alivichomoa vijiti vya kijani kimoja kimoja, akaichonga upya njia yake katika udongo, akavichomeka kwa mstari ulionyooka hadi mwisho wa ubao, mpera ukarudi kwake. Jiwe alilirusha nje kupitia dirisha. Kisha alilowesha kidole na kulainisha udongo mpaka kovu lilipotea. Mkono uliokwisha kuandika mabango ya nusu ya mji haukuacha alama.

Kesho yake ukumbi ulijaa mapema. Wazazi walikuja wamevaa kama wa kwenda misa, lakini walipoifikia ile meza utaratibu uliwatoka, wakasukumana kama watoto. Sylvestre, fundi wa pikipiki aliyekaa nyumba ya kwanza kutoka barabarani, ndiye aliyeanza.

"Nani amefanya choo yangu ndogo hivi? Minye niko muntu munene, nitaingilia wapi?"

"Utaingia kwa upande, Baba Shalom," alijibu mwanamke mmoja, na watu wakacheka.

Lakini chini ya kicheko macho yalikuwa yakipima. Révérien aliyaona. Mzee mmoja aliweka shubiri yake juu ya ubao wa kwao, kisha akaenda kuiweka juu ya ubao wa jirani. Wanafunzi walisimama kila mmoja nyuma ya kazi yake, wakieleza kwa Kifaransa cha shule walichokikariri, na wazazi wakiwakatiza kwa Kiswahili: hii mti ilikuwa mbele, hapana nyuma, huku kulikuwa njia ya batu wote.

Jolie alikuwa amekwisha kuona. Révérien alilijua hilo kwa sababu binti alikuwa hatazami meza. Alikuwa akimtazama mwalimu, mikono yake hasa.

Shefu alikuwa ameshafika, na akiwa bado kwenye ubao wa akina Sylvestre, Apolline aliingia pamoja na Annie, mke wa Révérien. Wanawake wale wawili walitembea pamoja tangu zamani, na maji yalipowafukuza walipanga vyumba katika ua mmoja. Apolline aliinama juu ya ubao wa binti yake. Kidole chake kilishuka kwenye paa, kwenye jiko, kwenye kamba ya nguo, kikafika kwenye kona na kusimama. Kikaanza kupapasa.

"Jolie. Si ulisema uliweka jiwe?"

"Niliweka, mama."

"Iko wapi?"

Apolline alijinyoosha polepole. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Révérien. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Mama yule alirudi nyuma hatua chache na kushika ukingo wa benchi.

Annie aliutazama ua wa kijani ulionyooka kama mstari wa daftari. Hakuhitaji kuuliza ni mkono wa nani.

"Baba Frédéric," alimwambia mumewe kwa sauti ndogo. "Kuya inje."

Walisimama nyuma ya ukumbi, penye lundo la kokoto za ujenzi wa sakristia.

"Weye ndiye ulikata?"

"Nilirekebisha. Wametuibia ile kona, Mama Frédéric. Wanamtumia mtoto kutuibia mbele ya shefu."

"Ile kona niliitoa minye."

Révérien alimtazama mkewe kana kwamba amesema lugha ya nchi nyingine.

"Ulikuwa Kamanyola," Annie alisema. "Mama Jolie alizaa. Mtoto hakulia."

Hata Révérien, mtu wa kuja, alijua kiasi hicho: mtoto asiyelia ni jambo la wanawake. Wanamchukua wao, wanamlaza wao ardhini karibu na nyumba, bila jina wala kilio, na wanaume hawaambiwi, hata baba yake haambiwi ni wapi. Wakiambiwa, wanasema, tumbo la mama linafunga mlango.

"Kwao ukichimba kidogo maji inatoka," Annie aliendelea. "Tungemulaza mu maji? Nikasema aje kwetu, chini ya mpera. Kisha Mama Jolie akawa hasinzii. Anasema mutoto halali kwa batu. Basi tukakata miyenzi, tukaipanda upya, mpera ikakuwa kwao. Usiku huo akasinzia. Ile jiwe tuliweka ili watoto wasichezee pale. Jolie hajui kitu. Anajua tu kama alikuwa anapigwa akikalia pale."

"Na mimi hukuniambia."

"Hata leo singekuambia. Umenilazimisha."

Révérien aligeuka kulitazama dirisha. Jiwe lilikuwa limeangukia kwenye kokoto, mamia ya vijiwe, vingi vyeupe. Alichuchumaa, akaokota kimoja, akakitupa, akaokota kingine.

"Chukua yoyote," Annie alisema. "Hata kule ilikuwa jiwe yoyote."

Aliporudi ndani, shefu alikuwa amekwisha kufika kwenye ubao wao, na watu wamemzunguka. Miongoni mwao alikuwepo Frédéric, mtoto wake wa kwanza, dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, ambaye wiki nzima alikuwa akizungumzia chumba atakachojenga kwenye ile kona, maji yakishaondoka.

"Hapa sasa," shefu alikuwa akimwambia Jolie, "parseli ya Prof inaishia kwa mpera, si ndiyo? Mpera ni yake."

Jolie aliinua macho. Aliyatupa kwa mwalimu wake na kuyaacha hapo. Ilikuwa wazi kwamba atasema ndiyo kama mwalimu alivyoandika kwa wembe, kwa sababu alikuwa mwanafunzi, na baada ya hapo hatakumbuka tena kitu chochote kwa ajili ya mtu yeyote.

"Shefu," Révérien alisema, "pale kuna kosa."

Watu wakampisha. Akachomoa vijiti vya mwisho, akavichomeka tena kwa mpindo, juu ya mpera, kama alivyovikuta. Udongo ulikuwa umekauka. Safari hii kovu lilibaki. Akaliweka jiwe kivulini.

"Ua ulikuwa hivi. Binti alifanya vizuri. Mimi ndiye niliyeuharibu jana."

Sylvestre ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Ee, Prof. Jana ua iliruka huku, leo imeruka kule. Hii miyenzi ya kwenu Nyakabere iko na miguu?"

Watu walicheka, lakini si kama mwanzo.

"Kwa nini uliuharibu?" shefu aliuliza.

"Nilikumbuka vibaya."

"Na sasa umekumbuka vizuri. Baada ya kutoka inje." Shefu aliinama. "Hii jiwe ni ya mpaka?"

"Hapana. Ni jiwe tu."

"Papa," Frédéric alisema. Révérien hakugeuka.

Nyuma kabisa mtu alinong'ona, kwa ule mnong'ono uliotengenezwa ili usikiwe: "Mama Jolie amemupa nini?" Na mwingine akajibu: "Uliza bibi ya Prof kama anajua." Révérien alimwona Apolline akiyapokea maneno yale. Aliyapokea wima, kitenge kimekazwa kifuani. Neno moja tu lingemwosha, na hakulitoa. Annie alikwenda akasimama kando yake, bega kwa bega. Watu wakaliona hilo nalo, wakalitafsiri watakavyo.

Jumatatu, kabla ya kengele, wanafunzi walikuja kuchukua mbao zao. Hakuna aliyewaagiza. Shalom, mtoto wa Sylvestre, alisema baba yake anautaka ubao wao nyumbani. Mwingine alisema hivyo hivyo, na mwingine. Kabla ya kubeba, kila mmoja aliinama na kuichungulia kazi yake kwa makini, ukingo kwa ukingo, akitafuta mahali ambapo wembe wa mwalimu huenda ulipita. Révérien alisimama karibu na ubao mweusi akijifanya anafuta. Miaka mingi wanafunzi walimwachia vitu vyao bila kufunga: michoro, rangi, hata siri. Leo walikuwa wakihama.

Jolie alikuwa wa mwisho. Alitandika kitenge, akaanza kuufunga ubao wake.

"Prof, nikuulize?"

"Uliza."

"Ulifikiri nimetumwa?"

Révérien alikiweka chini kitambaa. "Ndiyo."

Binti alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea alama ndogo aliyokwisha kuitarajia. Akafunga fundo la kwanza, akafunga la pili.

"Na kurudisha, weye nani alikutuma?"

Nje, wenzake walikuwa wakigombana ni nani atakayebeba kanisa la udongo. Révérien alifungua mdomo. Neno ambalo lingemrudishia binti huyu imani lilikuwa pale, fupi, rahisi, na halikuwa lake kulitoa.

"Hakuna," alisema.

Jolie alimtazama kidogo, kwa macho ya mtu anayepima ua kwa mbali. "Sawa, Prof," alisema.

Ubao ulikuwa mzito. Révérien alisogea kushika upande mmoja, lakini binti alikuwa ameshauinua peke yake, ameukumbatia kifuani, na akatoka nao kwa uangalifu mlangoni, akitangulia na bega.