Shahada Kabla ya Dawa: Maisha ya Bi Mwanamize wa Wawi

Alizaliwa Wawi, kisiwani Pemba, mwaka 1951 Bi Mwanamize binti Jecha, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baba yake alikuwa mchumaji wa karafuu, na mama yake, Bi Tatu, akisomesha Kurani watoto wa kike barazani kwake. Mapinduzi yalimkuta ana miaka kumi na mitatu, na mwaka 1970 akaajiriwa hospitalini kuwa mhudumu wa wodi: kufua mashuka, kulisha wagonjwa, kumwaga vyombo vya haja. Wanaohadithia habari zake leo humpa udaktari. Wallahi hakuwa daktari, wala hakupenda kuitwa hivyo.

Wito wake ulitokana na kosa, nami silifichi kwa sababu mwenyewe hakulificha. Mwaka 1978 Bi Tatu alishikwa na saratani ya titi, ikamwingia mifupani. Daktari akasema kupona hakupo tena, ila ipo sindano ya kumtuliza maumivu. Mwanamize akaikataa. Sisi Wapemba tunajua tunachokitaka saa ya mwisho: mtu wetu afe akitamka shahada, jamaa wamemzunguka, Yasini inasomwa. Akaogopa sindano itamlewesha mama yake, afe ulimi umelala. Basi Bi Tatu alikufa baada ya siku tisa za kupiga kelele, na katika siku hizo yule mwanamke aliyeisomesha nusu ya Wawi hakuweza kutamka hata bismillahi. Mwanamize alizililia siku hizo miaka na miaka.

Alipostaafu mwaka 2006 alikwenda Bara kusomea tiba shufaa, yaani kumwangalia mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, asiteseke. Akarudi na kikapu cha ukili, ndani yake bandeji, mafuta ya kuzuia vidonda vya mgongo, na mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu, ambayo daktari alimwandikia kila mgonjwa chupa yake. Hapo mitihani ikaanza. Watu wakampachika jina la Bi Sanda. Akipiga hodi kwa mtu, jirani anakwenda kuangalia jeneza la msikiti liko wapi. Kule kisiwa cha Fundo, alipoonekana tu anashuka mashuani, wanaume wawili walibeba majembe kwenda makaburini, na mgonjwa mwenyewe, Mzee Jaribu, akauliza kwa sauti kabisa anazikwa nani. Mzee huyo aliishi miaka miwili zaidi, akalima muhogo wake, na hakuacha kuwauliza wale wawili habari za kaburi lao. Watu hawakutaka kufahamu kwamba tiba hii si ya siku ya mwisho tu, na kwamba kuipokea si kumkatia mtu tamaa. Nami, imamu wa Konde, sikuwa bora kuliko wao. Ijumaa moja nilisema juu ya mimbari kwamba yuko mwanamke anayewalaza watu wasikutane na Mola wao wakiwa macho. Alipopata habari hakuja kunigombeza. Alinitumia salamu tu.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2009, hapo hapo Konde. Mzee Ngwali, fundi seremala, alikuwa na saratani ya tezi dume iliyopanda uti wa mgongo, na aliyemuuguza ni bintiye, Bi Mgeni. Bi Mwanamize alipoleta chupa, Bi Mgeni aliimwaga uani mbele ya macho yake, kisha akaniita nije nimsaidie kumfukuza. Nikaenda kifua mbele. Nikamkuta mzee ameuma mto, jasho linamtiririka, na nilipomwambia atamke shahada, akanitukana. Alinitukana mimi, imamu wake, matusi ambayo sikudhani kama anayajua. Bi Mgeni akafunika uso kwa kanga akalia. Hapo Bi Mwanamize, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akasema maneno ambayo Konde nzima sasa inayajua:

"Mwanangu, hicho unachokiogopa kwenye dawa, maumivu yashakifanya. Mimi mama yangu nilimfanyia hivi hivi. Na atamke kwanza, kisha anywe."

Akatueleza utaratibu wake. Kabla ya kila dozi mgonjwa hutamka shahada, na waliomo chumbani hutamka naye. Akilala asiseme tena, hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Akiamka akaomba maji, atatamka tena dozi nyingine ikifika. Niliona haya, kwani ndivyo wanavyuoni wanavyotufundisha kuhusu anayekata roho, nami nilikuwa na vitabu hivyo nyumbani.

Chupa nyingine Bi Mgeni aliifuata mwenyewe, na ilipatikana siku ya pili. Dozi ya kwanza mzee hakuweza kusema, akanyanyua kidole cha shahada tu. Siku ya tatu aliswali amekaa, akaniomba radhi, ingawa nilimwona anajizuia kucheka. Aliishi miezi mitano, akamaliza mlango aliokuwa ameuacha nusu, kisha ugonjwa wake ukamuua, si dawa. Alikufa ametamka. Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari nikayafuta maneno yangu, na Bi Mgeni akaanza kumbebea Bi Mwanamize kikapu.

Wapo wanaosema karama yake ni kuwa chupa haikuisha. Khaa, iliisha mara nyingi, na wagonjwa wakateseka mpaka ije nyingine. Karama yake niliyoiona mimi ni kwamba hakumsimanga mtu yeyote.

Mwaka 2019 saratani ya ini ilimlaza yeye. Bi Mgeni ndiye aliyemuuguza, kule Wawi. Alasiri ya mwisho maumivu yalipomzidi, Bi Mgeni alichukua kijiko, akakishikilia asimpe. Alijua mama huyu akilala huenda asiamke, na ile khofu ya zamani ikamrudia yote. Bi Mwanamize akamtazama, akatamka shahada polepole, neno kwa neno, kisha akafungua kinywa. Alilala mpaka asubuhi, akafariki jua limeshatoka.

Mazishini wanawake walinong'onezana kwamba kafa usingizini. Bi Mgeni akawajibu, "Katamka jana alasiri, na hakuongeza neno."

Basi wewe unayemuuguza mzazi wako, na chupa unayo mkononi, usiimwage. Mwambie atamke, kisha mpe.