Kadi Isiyo na Mama

Wiki iliyopita nilikuwa nasubiri zamu yangu kwa mpiga chapa mmoja pale Kanyenye, binti ambaye hata mwezi hajamaliza kwenye kazi hiyo. Wakaingia kina mama wawili, ndugu wa tumbo moja, kuchukua kadi ya mwaliko wa harusi. Mdogo ndiye aliyemzaa bibi harusi, mkubwa ndiye aliyemlea. Rasimu ilikuwa na majina yao yote mawili, na kila mmoja alipewa nakala yake ya kaboni akaisahihishe nyumbani.

"Shikamooni, mama zangu." Binti aliwapa kadi kwa mikono miwili.

"Marahaba." Mdogo aliisoma. "Mbona mwanetu hana mama?"

Binti alizitandaza nakala mezani. "Mama mkubwa alikata jina lake. Mama mdogo naye akakata lake. Mimi nikafuata kalamu zote mbili."

Mkubwa akamgeukia mwenzake. "Jina lako ulilikata kwa nini?"

"Wewe ndiye uliyemlea, dada."

"Na uchungu wake aliusikia nani?"

Mdogo alijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Yarudishe yote mawili, mwanangu."

Binti akachomeka karatasi mpya kwenye mashine. "Lianze la nani?"

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

Nimehudhuria mikutano mingi ya ujamaa ambako watu hugombania kutangulia. Niliendelea kukaa kwenye benchi, na siku hiyo foleni haikuniudhi.