Utani Uliomponza Mume Wangu

Mume wangu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Alifika kwetu Mbwera kununua kamba wa baharini, akanikuta mimi, akabaki kulima mpunga. Miaka yote hiyo watu walimcheka matamshi yake tu. Vita vilipowaka kwao, ikasemwa wauaji wanavuka mpaka na kujificha mikokoni, na jamaa zangu wenyewe wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Niliogopa mno. Sokoni Kibiti nilimwambia anyamaze, nitaongea mimi. Mtu mzima, ndevu zote zile, anakatazwa kuuliza bei ya sabuni.

Kisha shangazi yangu akafariki, tukaenda msibani Mahege. Kwetu msiba hauendi bila watani. Mtani wetu, mama mmoja wa kutoka vilimani, alikuwa akitutania tangu nilipoolewa; kazi yake ni kuwasema wafiwa vibaya mpaka wacheke. Siku hiyo alimkamata mume wangu kanzu, akapaza sauti: "Huyu mfungeni kamba. Ndugu zake wamejaa dunguni kwake, wanakula wali wetu huku wamelalia bunduki." Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo tunamokaa kulinda mpunga. Tulicheka, na mume wangu akacheka.

Askari wawili wa doria waliokuwa barabarani hawakucheka. Walikuwa wageni huku, hawakujua nani mtani wa nani. Wakamwita pembeni, wakasikia matamshi yake, wakampandisha garini kwenda kituoni Kibiti.

Jamaa zangu wote walijua ni utani, lakini kila mmoja aliinamia mkeka, maana nani amtetee mtu wa Msumbiji, naye aonekane mwenzake? Nikampigia mtani magoti. Aliogopa kuliko mimi.

"Nikienda wataniuliza ya dunguni nimeyajuaje," akasema.

"Usipokwenda, dada, mimi sina mume."

Akajifunga kanga kiunoni, tukapanda bodaboda moja hadi Kibiti, wote wawili tunasoma dua.

Mtani alieleza, hawakumwamini. Mkubwa wao akaamuru mume wangu aletwe, akasema kama ni mtani kweli, basi amtanie tena wasikie. Mama yule, ambaye hata maiti humtania, akafungua mdomo na neno halikutoka. Ndipo mume wangu, uso umempauka, akamwambia: "Mtani, umetoka kwenye msiba wenye ubwabwa wote ule, ukaja mikono mitupu?" Askari mmoja akacheka. Jioni wakamwachia.

Kwenye msiba uliofuata nilikuwa namsubiri mtani kwa hofu, sijui atasema nini. Hakumtania. Alimpa mume wangu mkono kwa adabu, akampa pole, akaenda kukaa mbali. Mume wangu akanigeukia, macho yamemjaa machozi.

"Mke wangu," akasema, "leo ndiyo wamenifukuza."